Vumbi la Mzee Noor

Scovia Mirumbe alikuwa na cheti cha usonara na tupa tano ndogo ndani ya mfuko wa kitambaa, na kwa miezi minane vitu hivyo havikumfaa kwa lolote. Homa Bay, duka la kwanza lilimwambia pete zake hutoka Nairobi zikiwa tayari. La pili lilitaka mtu wa kutoboa masikio na kubadilisha betri za saa. Nyumbani Kehancha wakamwuliza kama kweli alikaa chuoni miaka miwili kuchezea shanga.

Ndipo Bi Kaltum wa Migori akamwita. Huyu ni mjane wa Mzee Noor, sonara aliyetoka Mombasa zamani akafungua duka mjini. Tangu mzee afariki, mwaka mmoja nyuma, karakana ilikuwa kimya na wateja walirudi na pete zao mkononi. Bi Kaltum akampa Scovia wiki moja ya majaribio.

"Jumamosi nitakwambia ubaki au uende," alisema. Si mtu wa maneno mengi.

Karakana iko nyuma ya duka. Ina meza mbili na dirisha la nondo, na mlango wake hufungwa kwa ufunguo mtu akiwa kazini, maana dhahabu haina rafiki. Scovia alipewa meza ya pembeni, penye giza. Ile ya dirishani ilikuwa ya marehemu. Miwani ya mzee ingali juu ya meza hiyo, na chini ya meza vumbi la mwaka mzima.

Siku tatu alisikia tupa yake peke yake. Alipunguza pete, akalehemu mkufu uliokatika, na hakuzungumza na mtu zaidi ya salamu. Nje mji ulicheka kwa Kijaluo, si kwa Kikuria cha kwao, naye alijua salamu ya "oyawore" tu, nayo ni ya asubuhi. Jioni alimpigia mama yake simu akamwambia kazi ni nzuri, kisha akakata. Upweke ulimshika hasa, tena wa mchana kweupe.

Alhamisi malezi mema yakamponza. Kwao msichana akiingia nyumba ya watu hangoji kuambiwa, hushika ufagio. Bi Kaltum alipomfungulia na kwenda kufungua duka, Scovia akafagia karakana yote, chini ya meza zote mbili, na takataka akazimwaga shimoni uani.

Bi Kaltum alirudi akasimama mlangoni, akiitazama sakafu.

"Takataka umezitupa wapi?"

"Huko nyuma, mama. Mimi nilitaka tu kusaidia."

"Zilikuwa zake."

Sonara hatupi vumbi lake. Kila tupa inapopita, unga wa dhahabu huanguka, nao hukusanywa, ukachomwa, ukayeyushwa. Scovia alilijua hilo. Hata kwenye mtihani aliliandika. Lakini chuoni walijifunzia shaba, na vumbi la shaba walilitupa kila jioni bila kufikiri. Mkono ulifuata mazoea. Tena vumbi hili lilikuwa la kazi ya mwisho ya Mzee Noor, na mkewe hakuwa ameruhusu ufagio uliguse.

Hakumgombeza. Alikwenda kuketi dukani, mgongo ukiwa umegeukia karakana. Scovia angependa matusi kuliko mgongo ule.

Akachota udongo wa shimoni ndoo mbili, akaomba karai. Mama yake aliwahi kuosha mchanga wa dhahabu kwenye machimbo ya kwao, na Scovia alikua akiutazama mkono ule ukizungusha maji. Hilo halikuwa kwenye cheti. Alichuchumaa bombani Alhamisi hiyo na Ijumaa kutwa, akizungusha, akimwaga polepole, mpaka mabega yakafa ganzi. Bi Kaltum alipita mara mbili, akarudi dukani.

Jumamosi Scovia aliweka karatasi nyeupe mbele ya Bi Kaltum. Punje zilizokuwa juu yake, zote pamoja, hazikufika mbegu moja ya ulezi. Bi Kaltum akachukua miwani ya mumewe, akaivaa, akazitazama kwa muda mrefu.

"Zangu zimo pia, mama," Scovia akasema. "Za siku tatu. Siwezi kuzitenganisha."

"Basi zikae pamoja."

"Niziyeyushe?"

"La." Akaikunja karatasi, akaitia kifuani ndani ya kanga. Kisha akakivuta kiti cha dirishani. "Jumatatu ukae hapa. Kule gizani utaharibu macho."

Scovia alitoka akiwa na kazi, ya kwanza maishani mwake, na barabara nzima hakumwona mtu wa kumwambia. Simu ya mama yake haikupatikana.

Jumapili alishika ufagio chumbani kwake, akasita. Lilikuwa vumbi la wiki nzima, lote la nyayo zake mwenyewe. Akalifagia, akalitupa nje, na hakuna aliyemwuliza amelitupa wapi.