Kibuyu cha Masisi Ndani ya Kioo

Kila ninapofungua sanduku la nguo na harufu ya naftalini ikanipanda puani, narudi kuwa mtoto wa darasa la sita, enzi za Zaïre, siku mwalimu wetu alipotutoa Goma kwa meli kwenda kuona nyumba ya makumbusho upande wa Bukavu. Kwa Kifaransa tuliiita musée. Nyanya yangu, mzaliwa wa milima ya Masisi, alisikia “muzee”, yaani mzee, akajifunga kitenge chake kizuri.

“Siwezi kuacha mutoto aende kusalimia muzee peke yake,” alisema. Mwalimu, aliyehitaji watu wazima wa kutuchunga, akamkubalia.

Mle ndani kulinuka naftalini na vumbi. Tuliona nyoka ndani ya chupa, na chui aliyejazwa majani, amebaki na jicho moja. Halafu nyanya akasimama ghafla. Ndani ya kabati la kioo palikuwa na kibuyu cha kusukia maziwa, shingo yake imeshonwa kwa uzi mweusi.

“Hii ni ya mama yangu! Ni mimi niliipasula, yeye akaishona.”

Akaanza kukisemesha Kihunde, lugha ya kwao, kwa sauti, akigonga kioo polepole, kama mtu anayebisha hodi.

Mlinzi alikuja mbio. “Mama, usiguse! Hii ni kitu ya Leta,” yaani ya serikali.

“Leta ilikunywaka maziwa yake?” nyanya akamuuliza.

Wanafunzi wa shule moja ya Bukavu, waliokuwa nyuma yetu, wakaangua kicheko. Msichana mmoja mwenye soksi nyeupe akanigeukia: “Ule mama ni wa kwenu?”

“Hapana,” nikasema. “Simujue.”

Nilipoinua macho, nyanya alikuwa ananitazama.

Tukiwa melini kurudi Goma alifungua kitambaa, akatoa viazi vitamu. Aligawia wenzangu wote, mimi wa mwisho, nikapata kikubwa kuliko vyote.

“Kamata, mutoto. Mimi sikujue, lakini naona uko na njaa.”

Wenzangu walicheka. Nami nikacheka, nikadhani yamekwisha.

Nilikuwa tayari mama wa watoto, na nyanya amekwisha kuzikwa, nilipoelewa. Siku ile aliambiwa mara mbili kwamba kilicho chake si chake. Kibuyu hakuweza kukitoa kwenye kioo. Mimi alinishika mkono tuliposhuka bandarini, akaubana hadi ukaniuma, na hakuuachia mpaka tulipofika nyumbani, mtaa wa Mabanga.