Salamu ya Lulu

Watu wa mtaa wetu wana mdomo. Walipomwona Bi Mwanamvua anasomeshwa Kiingereza barazani kwake, wakaanza: ajuza anatafuta mzungu. Mimi Swaumu napakana naye ukuta. Najua alichokuwa anatafuta, na hakikuwa cha kuchekwa.

Binti yake wa pekee, Adila, yuko Uingereza, anauguza watu hospitali. Huko amezaa mtoto mmoja, Lulu, na Lulu hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Mumewe Bi Mwanamvua alishatangulia mbele ya haki. Nyumba nzima hapa Mji Mkongwe wa Bagamoyo anakaa yeye na paka. Akipika wali, nusu yake wanakula kuku wangu. Kila Ijumaa Adila hupiga simu ya picha, mtoto anapitishwa mbele ya kioo, bibi anacheka, mtoto anacheka, basi, hawana la kuambiana.

"Swaumu," aliniambia, "nitakufa mjukuu wangu ananijua sura tu."

Ndipo akamwita Haidar, kijana anayetembeza wageni kwenye magofu ya Kaole. Haidar mjanja. Akamwambia, "Bibi, maneno mengi yatakuchosha. Shika moja, get, hilo litakufikisha mbali." Kuamka ni get up. Kufika nyumbani, get home. Kuolewa, get married. Kupona, get well. Kuzeeka nako, get old. Hata kumwelewa mtu kumo humohumo.

Bi Mwanamvua akaweka kikombe cha kahawa chini. "Neno gani hili lisilochagua kazi? Kama kanga: ujifunge, ubebee mtoto, ujitandie msibani."

Haidar akamjibu, "Mbona sisi tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga chafya, na hakuna anayeumia?"

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu afiwe.

Akalishika kweli. Nikiwa uani nachambua dagaa, namsikia ng'ambo ya ukuta anamwambia paka get up, get out, na lile paka livivu halitikisi hata sikio. Alishapanga maswali yake: Lulu anaamka saa ngapi, shuleni anafikaje, yale mafua yamepona? Mambo ya bibi na mjukuu.

Ijumaa ikafika. Akajitanda kanga mpya, akajifukiza udi. Nikamtania kama siku hizi harufu nayo inapita kwenye simu. Adila akamwachia mtoto simu, akaenda jikoni kwake. Lulu akatazama. Bi Mwanamvua akatazama. Mtoto akasema, "Hi." Bibi kimya, shingo imenyooka, mikono mapajani. Mtoto akarudia. Kimya. Mimi pembeni najiuma midomo. Mwishowe mtoto akamwita mama yake, akasema neno, na simu ikakatika.

"Mbona hukusema kitu?" nikamuuliza.

"Nisemeje naye, hajaniamkia?"

Nilihamaki, sifichi. Pwani hii mtoto ndiye anayemwamkia mkubwa, nami nimelelewa hivyo hivyo. Mtoto asiyetoa shikamoo mkubwa hamfungulii mazungumzo. Lakini huyu kazaliwa kwenye baridi huko, shikamoo ataiokota wapi?

"Bi Mwanamvua, utaisubiri mpaka kiama?"

"Nikimwamkia mimi, Swaumu, ubibi wangu uko wapi?"

Magharibi Adila akatuma ujumbe wa sauti. Alisema Lulu kamwambia mtandao ulikuwa mbovu, picha ya bibi iliganda. Bi Mwanamvua akausikiliza, akaniomba niurudie, akausikiliza tena. Kisha akaingia ndani kulala bila kula.

Ijumaa ya pili simu haikulia. Adila aliandika kwamba mtoto amepata wageni, rafiki zake wa shule, na kwamba simu za bibi zinamchosha kidogo, asamehewe, ni utoto tu. Nilimsomea mimi, na niliona aibu utadhani nimeyaandika mimi.

Bi Mwanamvua hakulalamika. Aliniomba nimwonyeshe pa kurekodi sauti. Nikamwonyesha pa kubonyeza, nikijua sasa yatamwagika yote aliyofundishwa na Haidar. Akabonyeza, akaisogeza simu mdomoni.

"Shikamoo, Lulu."

Mtu mzima wa mvi, kumwamkia mtoto wa darasa la kwanza. Ningehadithiwa nisingeamini. Kidole hakukitoa. Alingoja kidogo, kama mtu anavyongoja kuitikiwa, halafu kwa sauti ya chini akaitikia mwenyewe.

"Marahaba."

Akaachia kidole, ujumbe ukaenda. Tukakaa palepale, mimi nalia, yeye anaitazama simu.