Mwanamke Mgeni Nyumbani kwa Fulgencio

Mzee Fulgencio aliunda mapipa ya mvinyo hapa mjini Jerez kwa miaka arobaini na mbili. Alipostaafu akawa anakuja kilabuni kwangu kila siku kabla ya chakula cha mchana. Glasi moja ya oloroso, mvinyo mzito wa kwetu, zeituni nne, basi.

Jumanne moja ya Agosti, upepo wa mashariki ukiunguza mitaa, aliingia kavaa kiatu mguu mmoja, ndara mguu wa pili. Akaniinamia kwenye kaunta.

"Anselmo, nisaidie. Kuna mwanamke nyumbani kwangu, simjui. Ananipikia, ananifunga vifungo vya shati. Na Casilda wangu haonekani."

Bartolo, aliyekuwa akinywa pembeni, akaangua kicheko. "Mzee una bahati! Kama humtaki, nielekeze mimi!"

Tukacheka sote. Mimi pia, Mungu anisamehe. Fulgencio akatutazama mmoja mmoja, akatoka bila kunywa.

Haikupita nusu saa, akaingia Casilda, mkewe aliyeolewa naye miaka hamsini iliyopita, aproni imejaa unga.

"Mume wangu yuko wapi?"

Nikamweleza alichosema.

"Tangu Pasaka yuko hivyo. Nimehamia chumba kingine ili asiniogope. Sikumwambia mtu."

Nikafunga kilabu, tukaanza kumtafuta. Tulimkuta kwenye lango la ghala alikokuwa akifanyia kazi, lililofungwa siku nyingi. Alikuwa akiligonga kwa ngumi mpaka zikatoka damu. "Casilda! Casilda!"

"Niko hapa, mume wangu."

Akageuka, akamwona, akarudi nyuma hadi mgongo ukagota langoni. "Ndiye huyo! Anselmo, mwondoe!"

Nilidhani mama wa watu atalia. Akajifuta uso kwa aproni, kisha akasema kwa sauti ya mtu baki: "Bwana, mkeo kanituma. Anasema urudi ukale."

"Mzima?"

"Mzima. Kachoka tu."

Akakubali kwenda, ila akakataa kushikwa mkono. Yeye, alisema, ni mtu mwenye mke. Wakaondoka hivyo, mmoja upande huu wa barabara, mwingine ule.

Aliishi miezi minane zaidi. Casilda alimwosha na kumlisha kama mtumishi aliyetumwa na mkewe, na kila mzee alipomuuliza Casilda anarudi lini, alijibu: "Kesho, bwana."