Kadi Nambari Saba

Kazi yangu ni kuhesabu magari. Nikimwambia mtu hivyo hungoja niendelee, akidhani hiyo ilikuwa sentensi ya kwanza tu. Hakuna ya pili. Nakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya makutano fulani hapa Kitengela, chini ya mwavuli nilionunua mwenyewe, nikiwa na kidude cha kubonyeza mkononi. Lori likipita nabonyeza, gari dogo likipita nabonyeza, pikipiki nayo ina kitufe chake. Jioni hesabu hizo huenda kwa mainjinia, nao ndio wanaoamua taa iwe kijani kwa muda gani na nyekundu kwa muda gani. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, na sioni haya kusema kwamba naijua foleni kuliko wengi wao. Wao huiona kwenye karatasi, mimi hukaa nayo juani.

Najua, kwa mfano, kwamba kinachoua makutano si wingi wa magari. Ni gari moja linalotaka kukata kulia, likasimama katikati likingoja nafasi, na nyuma yake mengine ishirini yanayotaka kwenda moja kwa moja yamekwama yanapiga honi. Mpe huyo mmoja mahali pake pa kungojea, hata pa magari matatu tu, na wale ishirini watapita bila kumjua. Najua pia kwamba taa ya kijani ikiwaka, dereva wa mbele bado anaangalia simu, wa pili anamngoja wa mbele, na wa kumi anakuta nyekundu imesharudi. Na polisi akija kuongoza kwa mkono, ilhali taa zinafanya kazi yake vizuri, atauachilia mkia mrefu mpaka uishe, na wale wa barabara ndogo watajua wenyewe. Nilimwambia hivyo afisa mmoja ana kwa ana. Akaniambia niendelee kuhesabu magari yangu.

Mama yangu hakuipenda kazi hii tangu siku ya kwanza. Sisi asili yetu ni Murang'a. Wazazi waliuza kishamba chao huko wakanunua ploti nje kidogo ya mji wa Kajiado, wakati ambapo jamaa waliwacheka kwamba wamenunua vumbi. Mama ni mtu wa kanisa, Jumapili hakosi, na akina mama wa kikundi chao humsikiliza yeye kwanza. Lakini kuna mambo mawili aliyotoka nayo kwao na hakuna mchungaji aliyeweza kuyatoa. La kwanza, watu na mifugo hawahesabiwi. Ukimwuliza ana wajukuu wangapi atakuambia wapo. Kuku wake wakiingia jioni huwaangalia mara moja tu na kusema yule mwekundu hajarudi, na kweli hajarudi. Majirani zake Wamaasai wako hivyo hivyo na ng'ombe wao, na nadhani hilo ndilo lililowafanya wapatane naye upesi.

La pili ni saba. Kwa Wakikuyu wa rika lake hiyo ni namba ya laana, hailetwi nyumbani. Saa saba mchana kwake ni "baada ya saa sita". Siku moja nilimtania kwamba Mungu mwenyewe aliitumia, akapumzika siku ya saba.

"Alipumzika kwa sababu alikuwa amemaliza," akanijibu. "Mimi sijamaliza."

Basi mama akapatikana na sukari. Kila mwezi alitakiwa kwenda kliniki katika zahanati moja ya upande ule, afike bila kula, apimwe damu, ndipo ale. Alikwenda miezi kadhaa bila kulalamika. Halafu siku moja akanipigia simu akasema kliniki ameachana nayo, atakunywa mitishamba kama watu wengine. Niliogopa sana. Dada yake mkubwa alisema maneno hayo hayo, akakatwa mguu, na baada ya mguu tukamzika yeye. Nilimsihi mama aende mara moja zaidi, tukienda pamoja, nione kinachomchosha. Nikaomba ruhusa kazini.

Tulifika kabla mlango haujafunguliwa, na waliotutangulia walikuwa wachache. Kando ya mlango palikuwa na benchi, na juu ya benchi vitabu vya kliniki. Desturi ya pale ni kwamba watu hawapangi laini, vitabu ndivyo vinavyopanga. Ukifika unaweka kitabu chako juu ya kile ulichokikuta, kisha unakwenda kuota jua na kusalimiana. Nilipenda hilo. Wazee hawasimami, hakuna anayesukumwa, na koko, kama Wamaasai wanavyomwita bibi mzee, mwenye miguu inayouma anakaa chini bila kupoteza nafasi yake. Saa mbili sista, muuguzi wa kliniki, akatoka, msichana mpole mwenye uso wa kuchoka, akalibeba lile rundo jinsi lilivyo, akaliweka mezani na kuanza kuita kuanzia juu.

Nilitazama mara mbili. Kitabu cha juu ni cha aliyefika mwisho. Mama yangu, aliyeamka alfajiri, alikuwa karibu chini kabisa. Yaani miezi yote hiyo waliowahi ndio walioitwa mwisho, na hakuna aliyeuliza, kila mtu akidhani sista ana mpango wake. Wajanja wawili watatu walikuwa wameligundua. Walifika saa mbili wakiwa wamelala vizuri, wakaweka vitabu vyao juu, na hawakumwambia mtu. Mama aliitwa jua likiwa utosini. Aliponipa mkoba nimshikie alikuwa bado hajatia kitu tumboni.

Ningeweza kumwambia sista siku ile ile aligeuze tu rundo. Lakini mimi ni mtu wa foleni, na niliona haya kuleta jambo dogo namna ile. Nilitaka mfumo. Nikakata maboksi, nikaandika namba kwa kalamu nene, moja hadi hamsini, nikazitoboa na kuzifunga kwa uzi. Niliporudi kumwona sista, alizitazama akasema tujaribu, ila zikileta kelele nitazituliza mimi mwenyewe.

Siku ya kliniki iliyofuata nikasimama mlangoni nikigawa kadi kwa kadiri watu walivyofika. Nilijisikia vizuri, nisidanganye. Mzee wa Kimaasai alipewa ya kwanza, akaigeuza pande zote mbili na kuitia ndani ya shuka. Mama alifika mapema, lakini alikutana langoni na jirani yake koko, wakaanza salamu za Kimaasai, takwenya na iko, habari za mbuzi, habari za wajukuu, na kila aliyekuja mwenye umri wakampisha. Nilipokuwa natoa ya nne nikaanza kuwaangalia. Nilipotoa ya sita, mama ndiye aliyekuwa mbele yangu.

Nilijua. Hilo sitalikataa. Ningeweza kuiweka kadi ile mfukoni na kumpa ya nane, na dunia isingeanguka. Lakini nilijiambia ni kipande cha boksi tu, na kwamba hatanikatalia mbele za watu. Nikampa.

Aliisoma. Hakupandisha sauti.

"Hii si yangu," akasema, akaiweka kwenye benchi na kwenda kusimama nyuma ya wote.

Aliyemfuata alikuwa mwanamume wa makamo, mtu wa kwetu kwa lafudhi yake. Akaitazama kadi, akaniomba ya nane. Baada yake hakuna aliyeigusa. Hata wasiojua saba ina nini waliona mama mzee ameikataa, wakaona si vizuri kuwa wa kwanza kuuliza. Sista akaanza kuita. Moja, mbili, mpaka sita, mambo yanakwenda. Akaita saba. Kimya. Akaita tena. Wenye nane na tisa hawakutaka kumruka mtu, walidhani saba ameenda msalani. Wakangoja, na sista akangoja, na sindano zikalala mezani. Mimi ninayewaambia mainjinia habari za gari lililosimama katikati ya makutano, nilikuwa nimelisimamisha mwenyewe, na nyuma yake watu wenye njaa.

Nilikuwa bado nabishana na mwenye nane, nikimwambia aingie kwa kuwa saba haina mtu, nilipomsikia koko akiita. Mama alikuwa ameshika ukuta, kisha akateremka nao taratibu mpaka chini. Nilipomfikia shingo yake ilikuwa imelowa jasho na maneno yake hayakuwa yanaeleweka. Sista alikuja mbio na glukosi kwenye kikombe cha maji, tukamnywesha kidogo kidogo. Macho yalimrudia. Siku hiyo hakupimwa, kwa sababu alikuwa ameshakunywa sukari. Nilimpeleka nyumbani, na njia nzima nilijichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Kadi zote hamsini zilikwenda jikoni, zikapikia maharagwe.

Kesho yake nikarudi kwa sista bila mfumo. Nilimwambia mambo mawili tu. Vitabu vibaki kama vilivyo, ila kabla ya kuita aligeuze rundo, cha chini kije juu. Na wale ambao hawajala wawekewe benchi yao peke yao karibu na chumba cha damu, kila mmoja amkumbuke tu aliye mbele yake, wapite kwanza. Waliokuja kufungwa kidonda au kuchukua dawa wana chai tumboni, wanaweza kungoja. Sista alikuwa na rundo la siku ile mbele yake. Akaweka kiganja juu, kingine chini, akaligeuza, na kukisoma kitabu kilichokuja juu.

"Huyu aliniambia amekuja saa kumi na moja," akasema. "Kumbe ni mimi nimekuwa nikiwakalisha na njaa."

Nikamwambia si yeye, ni namna rundo lilivyobebwa. Nilikuwa namwambia kweli. Katika makutano yote niliyokaa sijakutana na foleni iliyoharibiwa na mtu mbaya.

Kumshawishi mama ilikuwa kazi nyingine. Nilienda Jumamosi, nikamkuta anachambua mboga, nikakaa chini nisaidie. Nikamweleza habari ya rundo, nikamweleza benchi. Alisikiliza kama anayesikiliza matangazo ya kanisa la watu wengine. Mwishowe nikasema lile nililokuja kulisema, kwamba niliiona kadi ile kabla hajafika na nikampa makusudi, kwa kiburi, na kwamba naomba anisamehe. Alimaliza kifungu chote cha mboga kabla ya kunijibu.

"Nitaenda," akasema. "Lakini wewe usikuje."

Sikwenda. Siku ya kliniki ilinikuta Kitengela kwenye kiti changu, malori ya kutoka Namanga yakiwa yameshika barabara tangu alfajiri. Nilibonyeza, nikaangalia simu, nikabonyeza. Nilijua rundo litageuzwa. Nilijua benchi ipo, niliiona kwa macho sista alipoiweka. Nilichokuwa sijui ni kama yeye angetoka nyumbani. Saa tatu kasoro robo simu ikaita.

"Nimekula," akasema mama. Hakunisalimu kwanza.

Nikamwomba arudie, kwa sababu ya kelele za magari.

"Nimesema nimekula. Chai na nduma. Wamenipima, nimemaliza, niko hapa nje na koko."

Nililia pale pale chini ya mwavuli, mbele ya watu waliokuwa wanavuka barabara, na sikujali. Nadhani alinisikia, kwa sababu aliposema tena ilikuwa ile sauti yake ya kufunga mkutano.

"Mwezi ujao nitaenda," akasema, kabla sijamwuliza, akakata simu.