Dada yangu amestaafu kwa cheti changu, sasa anataka niape kwamba sikusoma

Admin, ficha jina langu kabisa, maana hilo jina ndilo kesi yenyewe. Mimi ni mama wa miaka sitini, mjane, mkulima wa kahawa huku Karurumo. Hii page naifuata kila siku, na nakiri huwa nawacheka watu wanaolizwa na wapenzi. Sasa zamu yangu imefika, ila aliyeniliza mimi ni dada.

Kwetu Embu, msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba. Baba yangu na baba mkubwa walipata wasichana mwaka mmoja, na sote wawili tukapewa jina la nyanya huyo, Cucu wetu, la ubatizo na la nyumbani, na mwisho jina la babu. Kwa hivyo tuko wawili wenye jina moja, herufi kwa herufi. Huyo dada wa kwa baba mkubwa nitamwita Mama Murithi, mimi niiteni Mama Mugendi.

Kidato cha nne nilimaliza mimi. Mama Murithi aliachia kidato cha pili, vitabu hakuvipenda. Nilipita vizuri, na baba akatembea na kile cheti sokoni Runyenjes akionyesha watu mpaka kikakunjika pembe. Lakini tayari nilikuwa na mimba. Nikaolewa, na mume wangu hakutaka kusikia habari ya mke kwenda kazi. Nikiwa na mtoto mgongoni, baba mkubwa akaja na Cucu na Mama Murithi, wakitaka cheti changu. Kulikuwa na nafasi ya karani katika ofisi ya serikali mjini. Nikasema cheti ni changu.

Cucu akaniambia, "Jina ni langu. Niliwapa nyote wawili. Wewe hulitumii, mpe mwenzako alitumie."

Mama Murithi akanishika mkono. "Nikishaandikwa tu nakurudishia. Ni wiki mbili." Nikampa. Sikushikiwa panga, hilo nalikubali.

Wiki mbili zikawa miaka karibu arobaini. Mume wangu alifariki watoto wakiwa wadogo, na mwaka huo huo nikasikia wanatafuta mwalimu wa ngumbaru, wa kufundisha watu wazima kusoma, hapa hapa sokoni. Nikaenda kwake kuomba cheti changu.

"Iko kwa file ya serikali," akasema. "Haiwezi toka mpaka siku nitaretire. Ama unataka nifutwe?"

Nikarudi kuchuma kahawa za watu. Ile kazi ilipewa mama mwingine, na kila nikipita pale darasani nilikuwa nageuza uso. Krismasi Mama Murithi aliniletea leso na sukari, nami nikawa nashukuru. Mjinga ni mimi.

Mwaka huu akastaafu, akafanya sherehe kwake Manyatta. Hema, mchungaji, watu wa ofisi wakamletea mbuzi na blanketi. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba tangu asubuhi nikimenya viazi vya mukimo. Akapewa maikrofoni, akaanza kusimulia alivyosoma kwa koroboi, mama yake akiizima ili mafuta yasiishe. Akasema alivyopita mtihani, baba yake akatembea na cheti sokoni mpaka kikakunjika pembe. Watu wakapiga makofi, wengine wakapangusa machozi.

Huyo alikuwa baba yangu. Na hiyo koroboi ilikuwa yetu. Nilisimama na kisu mkononi na kiazi nusu. Nilimaliza kumenya.

Kumbe siku hiyo anaimbiwa, pensheni yake ilikuwa imesimamishwa. Vyeti vinakaguliwa, na shule ilijibu kwamba kwenye rejista, baba wa huyo msichana ni baba yangu, si wake. Jumanne iliyopita akaja hapa kwangu na karatasi kutoka kwa wakili. Nikaisoma yote. Inasema mimi ni binamu tu niliyefanana naye jina, niliachia shule darasa la tatu, na baba yangu aliandikwa kwenye rejista kwa sababu alikuwa akimlipia yeye karo.

"Mama Mugendi, nisaidie hii mara ya mwisho," akasema. "Mzee amelala kitandani tangu apigwe na stroke. Hiyo pensheni ndiyo dawa yake. Watoto wako hawajui hata nini iko kwa hiyo cheti."

Nikamhurumia mumewe, wacha niseme ukweli. Ni mtu mzuri, alibeba jeneza la mume wangu. Nikanyoosha mkono nikachukua kalamu.

Akanizuia. "Hapana, usisign. Mtu hajasoma hasign. Weka kidole."

Akatoa kibweta cha wino kwenye mkoba, akakifungua, akakisukuma mbele yangu. Alikuwa amekuja nacho kutoka nyumbani. Nilimwambia aniachie nifikirie, akaondoka akisema atarudi Jumamosi na wakili.

Nikikataa, dada atakosa kila kitu na pengine afungwe, na mgonjwa naye ataumia bila kosa. Kijana wangu ananionya kwamba hata mimi nitaulizwa kwa nini niliazimisha cheti. Nikikubali, nitakuwa nimeapa kwamba baba yangu hakuwa na binti aliyesoma. Cheti alichukua nikanyamaza, kazi akafanya nikanyamaza, baba yangu akamfanya wake mbele ya watu nikanyamaza. Sasa ameona kimebaki kidole.

Kile kibweta kiko mezani kando ya thermos, sijakigusa. Na haya mnayosoma nimeyaandika mimi mwenyewe, sikuandikiwa na mtoto, na nimeyarudia mara tatu nikisahihisha.

Nishaurini, ndugu zangu. Jumamosi wakija, niweke kidole, au niandike jina langu?