Mgomba wa pacha

Harufu ya majivu yaliyolowa inanirudisha nyuma ya jiko la bibi, kule mjini Kasongo. Kwetu, kitovu cha mtoto huzikwa chini ya mgomba, na mtoto akikua anautunza mwenyewe. Mimi nilikuwa mtoto pekee pale nyumbani, lakini migomba ilikuwa miwili.

“Bibi, huu ni wa nani?”

“Wa pacha wako. Yeye hakukaa. Umupe maji kwanza, asikuonee wivu.”

Niliumwagilia. Hakukuwa na upepo, lakini majani yake yalitikisika.

Leo binti yangu anamwagilia mgomba wake uani. Habari za pacha sijamwambia kamwe. Anaanzia pembeni, kwenye udongo mtupu.

“Mama, huyu anasema yeye ndiye wa kwanza.”