Chupa Nyuma ya Samaki

Leo nimeitwa mlevi nyumbani kwetu kwa sababu ya ndizi.

Ndiyo, ndizi. Ngojeni.

Mtihani wa baiolojia umekaribia, na mwalimu alituambia tukitaka kuielewa DNA tuitoe wenyewe. Unaponda ndizi, unatia maji, chumvi na sabuni ya vyombo, unachuja, kisha unamimina spiriti baridi juu. DNA inajitokeza kama nyuzi nyeupe.

Duka la dawa halikuwa na spiriti. Rafiki yangu Mkristo akaninunulia kichupa cha waragi, pombe kali ya hapa Uganda, nikakificha kwenye friza, nyuma ya samaki.

Baba akaenda kutafuta barafu.

Jamani, sisi ni Waislamu wa Jinja ambao hata siki tunaisoma lebo kwanza!

"Hiki nini?"

"Ni cha DNA, Baba."

Akaitazama glasi yangu ya ndizi pale mezani. Akadhani ndimo ninamochanganyia kinywaji.

Lebo ilikuwa imebanduka, na Baba hajawahi kunusa pombe maishani mwake. Akamwita kaka yangu, mtoto mwema, wa safu ya mbele msikitini.

Kaka akanusa mara moja tu.

"Hii waragi, Baba. Tena ile ya bei rahisi."

Baba akaimwaga yote kwenye sinki, akamshukuru.

DNA sijaiona. Kusoma kwa rafiki yangu nimekatazwa. Niambieni, nyinyi mngenyamaza?

Mimi nilimuuliza Kaka amejuaje.

Nikaambiwa nimheshimu mkubwa wangu.